Joto la Mzazi na Mtoto: Mkaa, Gesi au Umeme, Kipi ni Nafuu?

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuendelea na mada ya minyoo kwa watoto wa shule, kama nilivyoahidi toleo lililopita. Naomba mniwie radhi, minyoo itangoja. Kuna bibi mmoja aliyeniuliza swali la hesabu, nami sikuweza kumjibu siku ile pale pale wodini. Nilimwambia, "Mayu, nipe muda nikapige hesabu sawasawa, nitakujibu." Jibu lake ndilo hili, na nimeona niliandike hapa kwa kuwa swali lake ni la nyumba nyingi za kwetu Shinyanga, Kahama na Geita.

Kwanza niwaeleze swali lilitoka wapi.

Mwaka jana mwezi wa saba, alfajiri, gari la kukodi lilituletea mzazi wa miaka kumi na tisa, mwenye mtoto wa siku tano. Mama alikuwa hajitambui, anapumua kwa shida na kutapika. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Aliyewaleta alikuwa mama mkwe, yaani huyo bibi, naye mwenyewe alikuwa akishika kichwa na kuyumba kama mlevi. Watu waliomsindikiza walikuwa wamegawanyika: wengine walisema ni malaria ya kichwani, wengine walinong'ona habari za kutupiwa kitu usiku. Daktari aliuliza swali moja tu: "Mlilala na moto ndani?" Bibi akajibu, "Ndiyo, jiko la mkaa, mvunguni mwa kitanda. Usiku ulikuwa na baridi, na mtoto mchanga haifai apigwe na ubaridi."

Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha lilikuwa limezibwa kwa kitenge ili upepo usiingie. Kila kitu alichofanya bibi yule alikifanya kwa mapenzi. Ndivyo alivyofanyiwa yeye na mama yake, ila tu katika nyumba ya nyasi, ambayo hewa ilipita juu na chini.

Mama mtoto aliwekewa oksijeni, na baada ya siku nne alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Bibi hakuwa analia. Siku ya kuondoka alinivuta pembeni akaniambia: "Sista, mwanangu aliweka umeme nyumbani. Tena alituletea na mtungi wa gesi kutoka Geita, upo kabatini, mpya. Mimi ndiye niliyekataa visitumike. Nilisema vinamaliza pesa. Sasa nataka unipigie hesabu. Ule usiku, kama ningewasha umeme, ungenila shilingi ngapi? Na gesi je?"

Jirani yangu mmoja ninayefanya naye kazi alisema swali lile ni la kujitesa tu na nisilijibu. Mimi nilifikiri tofauti. Mtu aliyeamua jambo kwa ajili ya pesa ana haki ya kujua kama pesa ile ilikuwepo kweli.

Sumu isiyo na harufu

Kabla ya hesabu, tuelewane juu ya kilichomuua mtoto. Mkaa unapowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hapo ndipo mkaa unapodanganya kuliko kuni. Kuni zikiwa ndani utakohoa, utatoka machozi, utafungua mlango. Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu hauna moshi, na mtu hudhani sasa umekuwa salama kuuingiza chumbani. La hasha! Moshi umekwisha, sumu inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho.

Ikiingia mapafuni, hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Damu inazunguka mwilini kama kawaida, lakini haibebi kinachotakiwa. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi mzito. Kwa kuwa yuko kitandani tayari, hajui kama huo usingizi si wa kawaida. Mtoto mchanga, mjamzito, mzee na mwenye upungufu wa damu hudhurika mapema zaidi. Hata kile kipimo chetu cha kubana kidoleni huweza kuonyesha namba nzuri huku mgonjwa anakufa, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Kwa hiyo ukimleta mgonjwa wa namna hii, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe kwamba mlilala na moto. Na kabla ya kutafuta gari, mtoeni nje penye hewa.

Baba wa mtoto yule ni mchimbaji mdogo huko Geita. Alipofika alisema neno ambalo sijalisahau: "Sisi kule duarani hakuna mtu anayeruhusiwa kuwasha pampu ya petroli chini, tunajua hewa yake inaua. Sikujua jiko la nyumbani lina hewa ile ile." Ni ile ile. Wachimbaji mnaosoma ukurasa huu, mnayo elimu hii tayari. Ileteni nyumbani.

Hesabu ya chumba

Sasa nirudi kwa bibi na swali lake. Chukua hita ndogo ya umeme, yenye nguvu ya wati 1,000. Ikiwaka saa moja inakula uniti moja. Ukiwasha saa nane za usiku, ni uniti 8. Kwa bei iliyowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani hulipa TANESCO shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo zake inafika shilingi 356. Mara nane ni shilingi 2,850 kwa usiku mmoja.

Nyumba ya bibi, kama zilivyo nyingi za vijijini zilizounganishwa kwa ile ada ya shilingi 27,000, ipo katika kundi la matumizi madogo. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na makato ni 122, lakini kwa uniti 75 za kwanza tu katika mwezi. Ukipita hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350, yaani 427 pamoja na makato, na ukizoea kupita utahamishiwa kundi la kawaida. Hita ya bibi ingekula uniti 240 kwa mwezi. Siku tisa za mwanzo angefurahi, kisha angeanza kulia. Ukigawanya mwezi mzima inakuja takriban shilingi 2,650 kwa usiku.

Na gesi? Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto sawa na uniti karibu 13 za umeme. Ili kupata joto lile lile la saa nane ungechoma gramu 600 na zaidi kidogo. Mtungi wangu wa kilo 6 niliujaza kwa shilingi 25,000, basi ni kama shilingi 2,600 kwa usiku. Unaona? Kwa kupasha chumba joto, gesi na umeme hapa kwetu ni ndugu mapacha, tofauti yake ni bei ya maandazi mawili.

Nina mpwa wangu ambaye ni muuguzi Uingereza. Aliposikia napiga hesabu hizi alinishangaa, akasema kule kila mtu anajua gesi ni nafuu mno. Ni kweli kwa kule. Gesi yao huja kwa bomba mpaka ndani ya nyumba, na uniti moja ya joto lake huuzwa kama robo ya bei ya umeme. Yetu sisi huja kwa meli hadi bandarini, ikajazwa katika mitungi, ikapandishwa malori mpaka Kanda ya Ziwa. Usiichanganye na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Hiyo kwa sehemu kubwa huzalisha umeme. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema gesi ni rahisi kuliko umeme au umeme ni rahisi kuliko gesi, muulize kwanza anaishi wapi na anaipata kwa njia gani.

Sasa mkaa. Sitaficha. Joto la usiku kucha kwa mkaa ni kama kilo moja, na kwa bei ya rejareja niliyolipa ni shilingi 800. Kwa chumba, mkaa unashinda kwa mbali. Bibi hakukosea hesabu. Tofauti ilikuwa kama shilingi 1,800 au 2,000 kwa usiku, na kwa nyumba inayosubiri pamba iuzwe au duara litoe, hizo si pesa za kudharau.

Nilipofika hapa nilikaa na karatasi yangu muda mrefu. Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimempa bibi yule jibu la kumuumiza tu. Lakini swali lenyewe lilihitaji kugeuzwa: je, chumba kile kilihitaji kupashwa joto?

Mtoto hahitaji chumba cha moto

Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la mwili kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Hilo ni joto la mwili wake, si la chumba. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba huku kwetu ni wa baridi kwa ngozi zetu, lakini si wa barafu. Na nyumba zetu nyingi za bati lisilo na dari haziwezi kushika joto. Unawasha hita ya shilingi 2,850, joto linapanda juu na kutokea kwenye bati. Unapasha joto mbingu. Aliye na uwezo kidogo afadhali pesa hizo aweke dari chumba kimoja tu, hata ya mbao nyepesi au mikeka. Itamsaidia pia wakati wa jua la Oktoba.

Chanzo cha joto kilicho bora ni mama mwenyewe. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge au khanga imara, kisha mama avae sweta au ajifunike blanketi juu yao wote wawili. Uso wa mtoto uwe pembeni, pua na mdomo vionekane. Njia hii walianza kuitumia madaktari wa Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, walipokuwa na watoto njiti wengi na mashine chache, nasi katika wodi zetu tumeitumia kwa watoto wa kilo moja na nusu wakakua. Ikiwa mtoto njiti anapata joto la kutosha kifuani, mtoto wa kilo tatu atashindwaje? Mama akichoka, baba naye ana kifua, bibi naye ana kifua. Akina baba wa kwetu hucheka nikisema hivi, lakini yule mchimbaji hakucheka.

Jambo la pili: usimwogeshe mtoto siku ile ile aliyozaliwa. Subiri angalau saa 24. Wengi wanaopata ubaridi huupata kwenye beseni.

Anayelala na mtoto kifuani awe ameegemea mito, macho yake yakiwa wazi, au kuwe na mtu mwingine wa kumwangalia. Akizidiwa na usingizi, mtoto avalishwe vizuri na kulazwa karibu naye, chali. Chupa ya maji ya moto ukitaka kuitumia, pasha nayo kitanda, kisha iondoe ndipo mtoto alazwe. Nimefunga vidonda vya moto vya mtoto wa wiki moja, sitaki kuvifunga tena.

Hesabu ya maji

Mahali ambapo joto linahitajika kweli kweli, na kila siku, ni kwenye maji. Mzazi anakandwa asubuhi na jioni kwa siku arobaini, mtoto anaogeshwa, chai inapikwa, vyombo vinachemshwa. Hapa ndipo mfuko unapotoboka polepole, na hapa ndipo niliamua nisitegemee vitabu. Nilipima nyumbani kwangu.

Kuna mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia watoto kliniki, iliyostaafu kama nitakavyostaafu mimi karibuni. Niliiomba. Nikachukua sufuria ya lita 5, kwa kuwa lita 5 zinazochemka ukizichanganya na lita 15 za baridi unapata ndoo moja nzuri ya kuoga. Kila aina ya moto niliipa zamu kumi, ili makosa madogo yajifute. Wajukuu waliona bibi yao amepata wazimu, ananing'iniza mtungi wa gesi kama mtoto wa kliniki.

Mtungi ulipungua gramu 700 kwa zamu zote kumi, yaani gramu 70 kwa ndoo. Kwa bei niliyoitaja ni shilingi 292.

Mkaa niliununua kwa ndoo ndogo ya lita 10, shilingi 2,000, ukiwa na uzito wa kilo 2 na nusu. Jiko langu la bati lilikula gramu 400 kwa kila lita 5 pamoja na kuwashia. Hiyo ni shilingi 320. Anayenunua gunia zima anapata unafuu. Gunia la shilingi 45,000 niliyemkuta nalo jirani lilikuwa na kilo 75, hivyo ndoo ya maji ingemgharimu shilingi 240, chini ya gesi. Lakini wangapi wananunua gunia? Maskini hununua kidogo kidogo na kulipa zaidi, ndivyo ilivyo kwa mkaa, sukari na mafuta ya kula.

Umeme nilitumia jagi la kuchemshia maji, nililolinunua mjini kwa shilingi 28,000. Nilizima taa na friji, nikasoma mita ya LUKU mwanzo na mwisho. Zamu kumi zilikula uniti 5.2, yaani nusu uniti na ushee kwa ndoo. Kwa bei ya kawaida ni shilingi 185. Kwa mwenye bei ya matumizi madogo, ni shilingi 63. Sitanii. Sitini na tatu.

Kwa siku arobaini za kukanda, mara mbili kwa siku, mkaa wa rejareja ni shilingi 25,600, gesi ni 23,400 hivi, umeme wa kawaida ni 14,800, na umeme wa nyumba kama ya bibi ni 5,040, mradi asipite zile uniti 75 kwa mwezi. Kukanda kutamla uniti 31 kwa mwezi; taa na redio na simu vitatosha katika zilizobaki, friji huenda isitoshe.

Kwa nini chumba kiligeuka hivi na maji yakageuka vile? Sababu ni rahisi. Jagi la umeme lina moto ndani ya maji yenyewe, karibu joto lote linaingia majini. Moto wa gesi uko chini ya sufuria, na karibu nusu ya joto hupita pembeni. Jiko la mkaa ndilo mpotevu kuliko yote: unalisubiri likolee, na ukishaipua maji linaendelea kuwaka bure. Mwenye jiko sanifu la udongo ndani atapunguza upotevu huo sana, na kwa asiye na umeme wala gesi hilo ndilo ningemshauri anunue kwanza, alitumie nje au jikoni penye uwazi.

Kwa nini basi watu wanasema umeme unakula pesa? Nimewauliza wengi. Jibu moja ni kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ukinunua mara ya kwanza katika mwezi unaona uniti chache, unadhani jagi ndilo lililokula. Jingine ni pasi na lile jiko la umeme la koili linaloachwa likiwaka bila sufuria. Mtu anayepika maharage saa tatu kwenye koili ana haki ya kulalamika. Maharage yana dawa yake, nayo ni kuyaloweka usiku, na kama mtapata sufuria ya umeme ya presha, hiyo huyaivisha kwa sehemu ndogo ya umeme wa koili kwa sababu imefunikwa na hujizima.

Tahadhari za kila kimoja

Umeme: zile koili za kutumbukiza kwenye ndoo zimetuletea waliopigwa shoti, na mmoja hakufika. Ukiwa nayo, chomoa kwenye soketi kwanza, ndipo utie mkono majini. Usizamishe koili katika ndoo ya plastiki ukaenda kanisani. Jagi ni salama zaidi, lakini waya wake usining'inie mezani mtoto akaufikia. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba dakika 20, si dawa ya meno wala yai.

Gesi: mtungi haulali chumbani. Moto wa gesi nao katika chumba kilichofungwa hula hewa na kutoa sumu ile ile ya mkaa, basi usidhani umekimbia shimo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe. Ukisikia harufu yake, usiguse swichi wala kiberiti, fungua mlango, funga mtungi, toka. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu linavuja. Hofu ya bibi kwamba "gesi inalipuka" haikuwa ya kijinga. Ila hofu bila maelekezo ndiyo iliyoufungia mtungi kabatini.

Mkaa: ukiwa huna kingine, chemshia nje. Beba maji ndani, usibebe jiko. Sentensi hii naomba ibandikwe mlangoni kwa kila mzazi.

Wengi mmesikia serikali ikihimiza nishati safi ya kupikia. Mkakati wa taifa ulizinduliwa Mei 2024, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Kumekuwapo pia mitungi ya kilo 6 iliyouzwa vijijini kwa nusu bei kupitia REA. Ulizeni ofisi ya kijiji kama zamu yenu imepita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano, wengi kwa nimonia na magonjwa mengine ya mapafu. Hao si wa jiko la mvunguni. Ni wa moshi wa kila siku, mgongoni mwa mama.

Na miti nayo ina hadithi yake hapa. Wazee wanakumbuka Shinyanga ilipobaki uwanda mtupu, tulipopikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Mimi mwenyewe nimeyaokota. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha wakulima kwenye ngitili, miti ikaota tena, mpaka dunia ikautunza tuzo ya Equator mwaka 2002. Sasa magunia yanayopita barabarani kuelekea mijini na machimboni yanatoka wapi? Nawaachia wenye ngitili wajibu.

Nilimpelekea bibi hesabu zake mwezi wa pili, nimeziandika kwa herufi kubwa. Alimwita mjukuu amsomee. Aliposikia shilingi 800 za mkaa na 2,650 za umeme alitikisa kichwa, akasema, "Nilijua." Alipofika kwenye kifua cha mama, ambacho hakina bei, alinyamaza. Kisha akauliza kama shilingi 63 ni za ndoo nzima au za lita moja, nikamwambia ni ndoo nzima, akamtuma mjukuu arudie kusoma.

Jagi sasa lipo, mtungi umetoka kabatini na uko jikoni. Mkwewe anatarajia tena mwezi wa sita. Wiki iliyopita bibi alikuja kliniki naye, akatoa kwenye mkoba kitambaa alichokishona kwa mkono cha kumfungia mtoto kifuani, nikikague. Kilikuwa kimepungua shubiri moja. Nilimwambia aongeze.